Deni Lililokwisha Lipwa: Ridhaa katika Kisasili cha Jaki na katika Katuni za Fantasia za Mtandaoni

Mjadala kuhusu katuni za fantasia zinazosomwa bure kwenye simu huanzia na kuishia kwenye mavazi. Paja limechorwa, kifua kimeonekana, watoto wanaharibika. Makala hii inadai kuwa jicho limeelekezwa pasipofaa. Swali zito zaidi ni nani ndani ya hadithi huombwa ridhaa kabla ya kuguswa, nani huombwa kwa niaba yake, na kama msimulizi anaitambua tofauti ya mambo hayo mawili. Kwa kuwa wapo wanaoliona swali hilo kuwa mzigo ulioletwa kutoka ng'ambo, nitaanza nalo nyumbani, Nile Magharibi nchini Uganda, kabla ya kulipeleka kwingine.

John Middleton alifanya utafiti kwa Walugbara wa eneo la Arua kati ya miaka ya 1949 na 1953, na kitabu chake kinachojulikana zaidi, Lugbara Religion, kilitoka mwaka 1960. Miongoni mwa aliyoyaandika ni kisasili cha mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Jaki anahusishwa na mlima Liru, upande wa Koboko, na Wakakwa nao wanamtaja katika asili ya koo zao. Dribidu anahusishwa na mlima Eti. Kabla yao, kisasili kinasema, dunia ilikuwa kinyume: ndugu walioana wao kwa wao, na mahari haikuwapo. Wakaja mashujaa. Wakawakuta wanawake wenye ukoma waliokuwa na moto. Wakapewa moto, wakawaponya wanawake hao, wakalala nao, wanawake wakashika mimba. Ndugu wa kiume wa wale wanawake wakaja juu, pakazuka vita, kisha ng'ombe wakatolewa. Watoto waliozaliwa ndio waasisi wa koo, na jamii tunayoijua ikaanzia hapo.

Msomaji atazame mpangilio wa matukio. Mwanamke anatoa moto, mwanamume anatoa tiba. Kwa hesabu yoyote ya haki hapo wamelipana, hakuna anayemdai mwenzake. Lakini kisasili kinasonga mbele kana kwamba tiba ni mkopo na mwili ndio marejesho. Hakuna mahali anapoulizwa. Hakuna hata mahali anapokataa, na huo ndio ujanja mkubwa wa masimulizi ya namna hii: kukataa hakuzimwi kwa nguvu, hakupewi tu nafasi ya kutokea. Aliyeponywa anadhaniwa kuwa amekwisha kukubali.

Hata hivyo si kweli kwamba wazee walioisimulia hawakuona kosa. Wasingeweka vita katikati. Ndugu wanapochukua silaha, hadithi yenyewe inakiri kwamba kuna kitu kimechukuliwa bila idhini. Tatizo ni kwamba aliyekosewa, kwa mujibu wa hadithi, ni ukoo. Ukoo ndio unaokasirika, ukoo ndio unaopatana, ukoo ndio unaopokea ng'ombe. Kwa hiyo anayesema kwamba kuuliza habari za ridhaa ni kuwahukumu mababu kwa mizani ya kigeni hajaisoma hadithi ya mababu vizuri. Mizani imo ndani yake, ila imewekwa mikononi mwa kaka.

Wayunani wa kale nao walikuwa na lao. Katika kisasili cha Persephone, Hades anamwomba Zeus, baba wa binti, na Zeus anakubali. Kisha ardhi inapasuka na binti anachukuliwa. Makubaliano yapo, ya wanaume wawili. Mama, Demeter, ndiye anayepiga kelele, na kelele zake zinaleta njaa duniani mpaka yapatikane mapatano mengine, nayo pia yanafanyika juu ya kichwa cha binti. Tofauti na Liru ni kwamba mambo yamepangwa mapema badala ya kulipwa baadaye. Muundo ni uleule.

Rachel Smythe wa New Zealand alikichukua kisasili hicho akakifanya katuni, Lore Olympus, iliyoanza kutolewa bure kwenye jukwaa la Webtoon mwaka 2018 na kumalizika mwaka 2024. Webtoon ilianzishwa na kampuni ya Naver ya Korea Kusini. Katuni hiyo ilipata tuzo ya Eisner ya katuni bora ya mtandaoni mwaka 2022, ikarudia mwaka 2023 na 2024. Naitaja kwa sababu mwandishi aliliona tatizo na kuamua kulichora. Persephone wake anabakwa na Apollo, mungu kijana mwenye sura nzuri na jina zuri, wala si na Hades anayetisha. Msomaji anaonywa mapema. Tukio halikuchorwa kama tamasha la kutazamwa: tunabaki na mawazo ya msichana, jinsi akili inavyojitenga na mwili, na athari zake zinafuatiliwa kwa sehemu nyingi baada ya hapo. Hakuna ng'ombe wanaotolewa ili jambo liishe.

Sikusudii kuisifu bila kipimo. Persephone ana umri wa miaka 19 hadithi inapoanza, na Hades ameishi karne nyingi. Anakwenda kufanya mafunzo ya kazi katika kampuni ya Hades. Hata kukutana kwao kunatia shaka: analeweshwa na Eros, mungu wa mapenzi, na kuingizwa ndani ya gari la Hades bila kujua, na tukio hilo linapewa sura ya kichekesho. Hades anajizuia, tena kwa heshima kubwa, lakini jengo zima la mapenzi yao limesimama juu ya msichana ambaye usiku wa kwanza hakuchagua kuwa pale alipokuwa. Mwandishi aliyekuwa makini sana kuhusu ubakaji akawa mzembe kuhusu mamlaka. Kwa maoni yangu kosa hili ndilo lenye mafunzo zaidi, maana la Apollo kila mtu analiona.

Katuni ina jambo lake ambalo masimulizi ya mdomo hayana. Scott McCloud alieleza mwaka 1993, katika Understanding Comics, kwamba hadithi ya picha hutokea kwenye nafasi tupu kati ya fremu na fremu. Huko msomaji mwenyewe hukamilisha tendo ambalo halikuchorwa. Kwenye simu, ambako kurasa huteremshwa kwa kidole, nafasi hiyo inaweza kurefushwa mchoraji apendavyo. Fremu moja: mkono umeshika mlango. Nafasi nyeupe. Fremu ya pili: asubuhi. Ridhaa imo ndani ya weupe ule, au haimo, na ni msomaji anayeijaza. Mchoraji mvivu hupata kwa njia hii ubakaji usio na mbakaji, kwa sababu hakuchora chochote. Msimulizi wa mdomo anaweza kukatizwa na mtoto anayeuliza, kwani yule mama alitaka? Weupe haukatiziki.

Sheria za Uganda zinatusaidia kwa kiasi, na pia zinaonyesha ugonjwa uleule. Sheria ya Kupambana na Ponografia ya mwaka 2014 ilishughulika na kinachoonekana, yaani viungo vya mwili na matendo ya kujamiiana, hadi Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Kwa sheria ile, picha ya wapenzi wawili waliokubaliana ingeweza kumpeleka mchoraji kizimbani, huku ile ya binti aliyevaa gauni refu akibebwa kwa nguvu na mfalme wa majini, halafu kukawa asubuhi, ingepita salama kabisa. Kilichokuwa kikilindwa ni haya ya mtazamaji.

Kifungu cha ubakaji katika Sheria ya Adhabu kinavutia zaidi kwa mpenzi wa fantasia. Kinakataa kuita ridhaa ile iliyopatikana kwa nguvu, kwa vitisho, kwa udanganyifu kuhusu tendo lenyewe, au, kwa mwanamke aliyeolewa, kwa mwanamume kujifanya mumewe. Ndiyo kusema kwamba Zeus, aliyejigeuza Amphitryon ili alale na mkewe Alcmene, angekuwa na kesi ya kujibu mbele ya mahakama ya Arua. Ni kana kwamba sheria ilimfikiria mwenye uwezo wa kujigeuza. Lakini tazama kilichobaki nje: msichana asiyeolewa aliyedanganywa kwa sura ya mchumba wake hatajwi. Sheria nayo imekaa upande wa kaka wa Liru, ikiuliza kwanza ni mali ya nani.

Neno bure nalo lisipite hivi hivi. Kuanzia Julai 2018 Mganda alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili atumie mitandao ya kijamii, na kuanzia Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Majukwaa yenyewe huacha sehemu za mwanzo wazi na kumdai asiye na subira. Mfumo huo humsukuma mchoraji kumaliza kila sehemu kwa mshtuko, na hakuna mshtuko rahisi kuliko msichana aliyetekwa. Lawama si zote za mchoraji.

Wapo watakaosema fantasia ni fantasia, na hakuna aliyewahi kubaka kwa kusoma habari za Zeus. Nakubaliana nao kwa sehemu. Simtafuti msomaji wa kumshitaki. Kisasili cha Jaki, hata hivyo, hakikusimuliwa kama burudani tupu. Kilieleza kwa nini mahari hutolewa na koo zilitoka wapi. Fantasia zenye mizizi ya namna hiyo hufundisha mpangilio wa haki, na mpangilio huu ulifundisha kwamba tendo linaweza kutangulia na mapatano yakafuata.

Shujaaz ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010 kwa Sheng, ilikwisha onyesha kwamba katuni ya bure inayotengenezwa hapa hapa inaweza kuwafikia vijana wengi. Haitashangaza siku moja Jaki akichorwa, kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, na Liru nyuma yake. Kazi hiyo ikifika mezani kwa mhariri, asianze kwa kupima urefu wa vazi. Atafute fremu ambamo mwanamke mwenye moto anasema neno kuhusu kinachotaka kufanyika, na kama haimo, amrudishie mchoraji kazi yake akaichore.