Leseni ya Mgahawa wa Mtaa wa Crescent

Mchana wa tarehe 4 Desemba 1946, wateja wakiwa mezani, maofisa wa Tume ya Pombe ya Quebec waliingia katika mgahawa wa Frank Roncarelli, Mtaa wa Crescent jijini Montreal, wakabeba pombe yote. Leseni imefutwa. Mgahawa huo wa familia ulikuwa na leseni kwa miaka 34 mfululizo.

Roncarelli hakuwa amevunja kanuni yoyote ya pombe. Alikuwa Shahidi wa Yehova, na waumini wenzake walikuwa wakikamatwa kwa kugawa vijitabu mitaani bila kibali cha manispaa. Akawawekea dhamana katika kesi zipatazo 380. Kuweka dhamana ni haki ya raia. Hata hivyo mkuu wa tume, Edouard Archambault, alimweleza jambo hilo Maurice Duplessis, waziri mkuu wa jimbo ambaye pia alikuwa mwanasheria mkuu wake. Duplessis akaagiza leseni ifutwe, tena mtu huyo asipewe nyingine milele.

Mgahawa ulijikongoja bila pombe kwa miezi kadhaa, kisha ukafungwa.

Kumshtaki Archambault kulihitaji idhini ya jaji mkuu, na idhini hiyo haikutoka. Ndipo mawakili A.L. Stein na F.R. Scott, profesa wa sheria wa McGill na mshairi, walipomburuta mahakamani Duplessis mwenyewe. Mwaka 1951 Roncarelli aliamriwa alipwe dola 8,123.53, lakini mahakama ya rufaa ya jimbo ikaitengua hukumu hiyo.

Ugumu ulikuwa kwenye sheria yenyewe: iliiruhusu tume kufuta leseni kwa hiari yake. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Canada, Jaji Cartwright aliona maneno hayo yanatosha, tume haina wa kuiuliza. Jaji Ivan Rand alikataa, na hoja yake ndiyo iliyobeba haki: hiari yoyote ya serikali ina mipaka, na leseni ya pombe haiwezi kutumiwa kumwadhibu mtu kwa jambo lisilohusiana na uuzaji wa pombe. Mfanyabiashara anayenyang'anywa leseni ananyang'anywa riziki.

Tarehe 27 Januari 1959, kwa majaji sita dhidi ya watatu, Duplessis alishindwa. Mahakama iliongeza dola 25,000 juu ya fidia ya awali, ikafika 33,123.53, ikatamka kwamba alipotoa agizo lile hakuwa akitekeleza kazi yoyote ya cheo chake.