Kitufe Chekundu cha Mlangoni

Tarehe 2 Julai 1959 moto ulizuka ndani ya Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani, katika vyumba vya kompyuta vya Jeshi la Anga. Maelfu ya kanda za sumaku ziliteketea, pamoja na mashine za mamilioni ya dola. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, NFPA, kikatoa kanuni zake za kwanza za kulinda vyumba vya kompyuta.

Kampuni ya IBM nayo ilikuwa na dawa yake. Kwenye paneli ya System/360, iliyotangazwa Aprili 1964, juu upande wa kulia palikuwa na kirungu chekundu. Hakikubonyezwa, kilivutwa. Ukishakivuta, umeme ulikatika kwenye kila kifaa cha mfumo, na chenyewe kiligoma kurudi ndani. Mwongozo ulisema ni fundi wa matengenezo tu wa kukirudisha. Hapo palikuwa na busara ambayo warithi wake waliipoteza. Kiwiko cha mpita njia hakivuti kitu kwa bahati mbaya, na aliyevuta makusudi alilazimika kumwita fundi na kujieleza.

Kuzima kituo cha data si kazi nyepesi. Umeme wa gridi ukikatika, betri hushika mzigo papo hapo, kisha jenereta huwaka. Kila kitu kimejengwa kikatae kuzimika. Kwa zimamoto anayeingia na mpira wa maji, ukaidi huo ni hatari: swichi kuu ya jengo imezimwa, lakini nyaya bado zina umeme.

Kitufe chekundu cha dharura, mrithi wa kirungu kile, huumaliza ukaidi huo mara moja. Kikibonyezwa, mkondo mdogo huamsha koili zilizo ndani ya breka kubwa, na breka huruka. Betri nazo hutengwa. Viyoyozi husimama, ili upepo wake usiuchochee moto na kutawanya moshi. Hakuna faili inayohifadhiwa wala programu inayoagwa.

Wengi hudhani kitufe hiki kimelazimishwa na sheria kila mahali. La, asili yake ni mapatano. Vyumba vya kompyuta vilizoea kuwa na sakafu iliyoinuliwa, na chini yake hupita hewa baridi na msitu wa nyaya. Ibara ya 645 ya kanuni za umeme za Marekani, NEC, inamruhusu mwenye chumba kutandaza nyaya hizo kwa masharti mepesi kuliko ya majengo mengine. Badala yake anaweka njia ya kukata umeme wote. Asiyetaka kitufe na afuate masharti ya kawaida, agharimike. Na kwa miaka mingi kanuni zilitaka kitufe kikae karibu na mlango mkuu wa kutokea.

Mlangoni! Mahali ambapo kila mtu hupita, na mara nyingi ndipo kilipo pia kitufe cha kufungulia mlango wenyewe.

Wanakompyuta husimulia kuhusu binti mdogo wa mtaalamu mmoja wa programu aliyeizima kompyuta ya IBM 4341 mara mbili kwa siku moja, mpaka swichi ikafunikwa kwa plastiki. Watu wazima nao hawakuwa na nafuu. Januari 2005, katika kituo kilichokuwa na seva za tovuti ya blogu ya LiveJournal, mteja mwingine wa kituo hicho alikibonyeza kitufe. Umeme ulirudi mapema. Kilichowachelewesha mafundi ni kukagua hifadhidata zilizokatwa katikati ya kuandika. Aprili 2007, huko Folsom, California, mfanyakazi wa mkandarasi alivunja kioo cha kinga na kubonyeza makusudi, katika kituo cha data cha shirika linaloendesha gridi ya umeme ya jimbo hilo. Wasimamizi wa umeme wakakosa umeme. Majumbani taa hazikuzimika, ila mawasiliano na soko la umeme yalikatika.

Toleo la NEC la mwaka 2011 lililegeza kamba. Vituo vyenye kazi nyeti viliruhusiwa kuishi bila kitufe hicho, mradi viwe na utaratibu ulioidhinishwa wa kukata umeme, mafundi wanaopatikana saa 24, vigunduzi vya moshi na mitambo ya kuzima moto. Wajenzi wengine wameyakwepa mapatano yenyewe: wanapitisha nyaya juu ya seva, kwa masharti ya kawaida, na mlangoni hawaweki kitufe.