Toroli za Mombasa: reli iliyoendeshwa kwa mabega

Nimekulia Karatu kabla lami haijapanda hadi lango la Ngorongoro. Masika yakishika, ule udongo mwekundu ulimeza magari, na sisi watoto tulikaa mlimani kusubiri linase moja. Tunasukuma, tukipewa chochote tunagawana. Hakuna abiria aliyewahi kuniuliza jina.

Jambo hilo lilinirudia juzi, nikisoma habari za tramu za pwani. Agosti 1883, Magnus Volk alifungua reli ndogo ya umeme ufukweni Brighton, Uingereza. Njia yake ya kwanza ilikuwa na upana wa futi 2 tu, ingawa baadaye aliipanua. Mpaka leo reli hiyo inabeba watu, na bado inaitwa kwa jina lake.

Je, na pwani yetu? Mombasa nayo ilikuwa na reli yake ya mjini, tena ya futi 2 vilevile. Mwaka 1890, kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba ya kwenda bara. Ikaishia maili chache tu. Vyuma vyake vikaja kutandikwa upya kisiwani, na toroli zikawa zinapita kati ya Mji wa Kale na Kilindini: benchi, paa la turubai, magurudumu manne. Wakubwa wengine walikuwa na toroli zao binafsi.

Umeme sasa? Haukuwepo, bwana. Injini ilikuwa wanaume, wawili au zaidi, wakikimbia nyuma na kusukuma kwenye jua lile la Mombasa. Kwenye kadi za posta za enzi hizo utawaona: mbele bwana mkubwa na kofia yake, nyuma wasukumaji. Wakoloni waliwaita maboi, watu wazima wale! Magari ya moto yalipozidi mjini, toroli zikaondoka, na waliozisukuma wakabaki kwenye kadi bila majina.

Majuzi, kwenye njia ya kijiji nje ya Karatu, gari tulilopanda lilinasa. Vijana wawili wakaja kusukuma. Nikashuka kuwasaidia, na kabla sijatoa hela nikawauliza majina. Walitazamana kwanza. Walidhani nataka kuwashtaki.