Swali la Mmoja, Majibu ya Wengi: Kusoma kwa Kujibizana Katika Pwani ya Tanga

Wanaoandika historia ya ushairi wa Kiswahili huihesabu kwa majina ya watunzi. Huanza na Muyaka bin Haji wa Mombasa, wakashuka Mrima kwa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, wakafika Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hesabu hiyo ina faida yake, wala hapana sababu ya kuibeza. Lakini huacha nje kundi kubwa ambalo bila ya hilo watunzi hao wasingekuwa na kazi: wasomaji waliolipokea shairi, wakalisoma kwa sauti mbele ya wenzao, wakaona kwamba limewauliza jambo, nao wakajiona wana wajibu wa kulijibu.

Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kutoka Moa na Tanga hadi Pangani na Saadani, kusoma shairi mara nyingi kulikuwa ni kuingia katika shindano. Mmoja alitoa mada. Wengine waliisoma, wakaichambua, kisha wakaleta majibu yao kwa kufuata masharti yaleyale ya mwulizaji. Jambo hilo lina jina lake la asili, nalo ni kujibizana. Ann Biersteker alilichukua neno hilo likawa jina la kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu lugha na mamlaka katika ushairi wa Kiswahili, na hakukosea, kwani ndani yake mna ufunguo wa mambo mengi ambayo wahakiki wameyatafuta kwingine.

Mchezo na masharti yake

Asili ya kujibizana ni kongwe kuliko gazeti na kuliko shule ya serikali. Katika ngoma ya gungu, mtu alifunga fumbo kwa beti, na aliyeweza akasimama kulifumbua. Muyaka, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitupiana mashairi na watunzi wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa imeshikana mashati. Wala Waswahili hawakuwa peke yao. Waarabu wa zama za Bani Umayya waliwasikiliza Jarir na al-Farazdaq wakijibizana kwa bahari moja na kina kimoja, na katika mushaira ya Bara Hindi washairi walipewa mstari mmoja, kila mmoja akautungia shairi lake. Mataifa ya Bahari ya Hindi yaliifahamu siri hii mapema: wengi wanapofungwa na sharti moja, hapo ndipo tofauti za vipawa vyao huonekana.

Masharti yenyewe yanajulikana kwa kila mpenzi wa ushairi. Ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, nane kila upande. Vina viko kati na mwisho. Na mara nyingi mshororo wa nne hurudiwa kila ubeti uwe kituo. Anayejibu huchukua bahari hiyohiyo. Akiwa hodari zaidi, huchukua na vina vilevile, na kile kituo hukigeuza kidogo tu ili maana yake ipinduke. Msomaji aliyelikariri shairi la kwanza huisikia tofauti hiyo papo hapo, akacheka au akaguna. Asiyelijua la kwanza hupitwa na nusu ya utamu.

Ni muhimu kulishika jambo hili, kwa sababu linabadilisha maana ya kanuni. Mizani na vina havikuwa mapambo tu, wala havikuwa pingu. Vilikuwa kama mistari ya kiwanja cha mchezo. Mtu wa Pangani na mtu wa Tabora, ambao hawajapata kuonana, waliweza kushindana kwa haki kwa kuwa kila mmoja aliijua mipaka ya kiwanja.

Kutoka barazani hadi gazetini

Tanga ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya pwani hii ambako mchezo huo ulikutana na mashine ya chapa. Wadachi walianzisha shule mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kutoka shule hiyo likatoka gazeti la Kiongozi, lililochapwa kuanzia mwaka 1904 hadi vita vilipoutia mji mikononi mwa Waingereza mwaka 1916. Hata kabla yake, wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, walikuwa wakitoa Habari za Mwezi. Kiongozi lilipokea habari, barua na mashairi ya wasomaji wake, ambao wengi walikuwa walimu, makarani na maakida waliopitia shule za serikali. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na watu na karatasi wakapanda pamoja kuelekea bara.

Mabadiliko haya hayakuwa madogo. Miaka michache tu kabla ya hapo, Hemedi bin Abdallah alikuwa ameutunga utenzi wake wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, akiuandika kwa hati za Kiarabu kama ilivyokuwa ada ya wanazuoni. Utenzi wa namna hiyo ulinakiliwa kwa mkono na kughaniwa mbele ya jamaa. Gazeti la hati za Kilatini lilileta msomaji wa namna nyingine, kijana wa shule, na lilimweka chini ya jicho la mhariri wa serikali. Haishangazi kwamba sifa za watawala zilipata nafasi kubwa katika kurasa zake. Hata hivyo, kilichovuka kutoka hati moja hadi nyingine hakikuwa bahari za ushairi peke yake; ada ya kuliona shairi kuwa jambo la hadhara nayo ilivuka salama.

Ukumbi wa Mambo Leo

Ada hiyo ilichanua hasa katika Mambo Leo, jarida la Idara ya Elimu ya Tanganyika lililoanza Januari 1923 mjini Dar es Salaam. Kwa takriban miaka 40 ukurasa wake wa mashairi ulikuwa baraza la nchi nzima. Mtunzi alianza kwa kumwomba mhariri nafasi, akaitaja mada, akauliza alilotaka kuuliza, na katika beti za mwisho akataja jina au lakabu yake na mahali alipo. Kutaja mahali hakukuwa majivuno. Kulikuwa kama kuacha mlango wazi, ili atakayejibu ajue anamjibu nani na wa wapi.

Kisha kazi ilihamia kwa wasomaji. Nakala moja ilipita mikononi mwa wengi, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Mada zilikuwa nyingi: mapenzi na ndoa, mavazi, elimu, heshima ya wazee, na mambo mapya ya mjini. Katika miaka ya 1940 na 1950 dansi iliwagawa wasomaji pande mbili. Kwa barua na kwa mashairi waliulizana kama kucheza dansi ni ustaarabu au ni kuuacha ustaarabu. Maria Suriano, aliyezichunguza kurasa hizo katika makala yake ya mwaka 2011, ameonyesha kwamba ndani ya ubishi huo watu walikuwa wakipimana juu ya swali zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kusema mtu mstaarabu ni yupi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jibu lake. Wasomaji hawakulipokea bila kulijadili.

Shaaban Robert alikulia kishairi katika zama hizo. Alikuwa karani wa forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, kisha akatumikia ofisi nyingine za serikali, zikiwamo za Tanga, hadi karibu na kufariki kwake mwaka 1962. Baadhi ya mashairi yake yalipita katika Mambo Leo kabla ya kuingia vitabuni. Leo husomwa kama mlima uliosimama peke yake katika tambarare. Picha hiyo inamtukuza, lakini inampunguzia jambo moja. Alikuwa mmoja katika kundi la watu waliosomana, na sauti yake ya upole yenye kunasihi ni sauti ya mtu anayejua kuwa anasikilizwa na watakaomjibu.

Katika uimbaji vilevile, Tanga iliendeleza jadi hii. Vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilishindana mjini humo katika miaka ya 1970, wimbo wa upande mmoja ukichokoza upande wa pili. Sauti kubwa humo zilikuwa za wanawake, akiwamo Shakila Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016. Katika kurasa za magazeti majina ya wanawake yalikuwa machache. Jukwaani hayakuwa na haja ya kumwomba mhariri nafasi.

Mada itokapo juu

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mtoaji wa mada alibadilika. Mwaka 1968 Rais Nyerere, aliyekuwa mwenyewe mtunzi na mfasiri, aliwataka washairi walieleze Azimio kwa wananchi. Chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kiliitikia mwito huo, na Mathias Mnyampala akaistawisha ngonjera, ambamo wahusika hubishana kwa beti mbele ya hadhira. Mwaka 1971 Grant Kamenju na Farouk Topan walitoa mkusanyiko wa Mashairi ya Azimio la Arusha.

Mengi katika mashairi hayo yalitungwa kwa moyo safi. Hata hivyo, yanaonyesha udhaifu ambao mchezo wa zamani haukuwa nao. Katika ngonjera, mjinga huuliza na mwerevu hujibu, na kabla ya ubeti wa kwanza msikilizaji anajua ni nani atakayeshindwa. Kujibizana kuna uhai pale tu ambapo mwulizaji anaweza kushindwa. Mada ikiwa na jibu moja lililoruhusiwa, wengi watatunga, lakini wote watakuwa wametunga shairi moja.

Ubishi wa kanuni

Katika miaka hiyohiyo ukazuka mgogoro ambao mwangwi wake bado unasikika. Amri Abedi alikuwa amezipanga kanuni katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila ya kuzifuata, na Mulokozi na Kahigi wakafuatia na Malenga wa Bara mwaka 1976. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi. Wanamabadiliko walisema kanuni zinabana fikra.

Ukiutazama ubishi huo kwa jicho la kujibizana, unaona kwamba pande mbili hizo zilikuwa zikizungumzia namna mbili za kusoma. Shairi huru liliandikwa kwa msomaji aliyekaa peke yake na kitabu, kimya, akizama ndani ya nafsi ya mtunzi. Msomaji huyo hana haja ya kiwanja, kwa kuwa hatacheza. Shairi la kimapokeo liliandikwa kwa msomaji atakayechukua kalamu kesho yake. Kuzivunja kanuni mbele ya huyu ni kumfungia mlango. Kezilahabi hakukosea kuitafuta sauti yake, na wazee wa pwani hawakukosea kuhisi kwamba kuna kitu kinachopotea. Walichokosea ni kukiita kitu hicho vina na mizani, ilhali kilikuwa haki ya msomaji ya kujibu.

Nusu iliyopotea

Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi, nayo imeletwa na heshima. Tunapomtukuza mtunzi, tunayatoa mashairi yake magazetini na kuyafunga pamoja katika diwani. Ndivyo alivyofanyiwa Muyaka mwaka 1940, William Hichens alipoitoa diwani yake, na ndivyo alivyofanyiwa Shaaban Robert katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban. Bila ya vitabu hivyo tungekuwa maskini. Lakini diwani ya mtu mmoja hulichukua jibu na kuliacha swali, au hulichukua swali na kuyaacha majibu ishirini. Msomaji wa leo hukutana na kituo kikali, asijue kilimkata nani, akadhani mtunzi alikuwa akizungumza na ukuta.

Hazina ya upande wa pili haijateketea yote. J. W. T. Allen alizikusanya tenzi za miswada, zikahifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa mwaka 1970. Utenzi wa Hemedi alikuwa ameshauhariri na kuutoa mwaka 1955. Mashairi ya magazeti bado hayajapata mlezi kama huyo. Nakala za Kiongozi ni adimu, na karatasi za Mambo Leo zinazidi kudhoofika. Majina ya lakabu yaliyomo humo yanaondoka pamoja na wazee waliojua wenyewe walikuwa nani, iwe Tanga, Pangani au visiwani.

Diwani inayohitajika sasa ni ya mada, isiyo ya mtu: swali la dansi liwekwe pamoja na majibu yake yote, ya wajuzi na ya wachanga, kwa mpangilio wa tarehe zake, na kila jina lifuatwe na mahali mwenyewe alipotoka. Kitabu cha namna hiyo kitakuwa na beti dhaifu nyingi. Kitakuwa pia na kile ambacho diwani zetu zote hazina, yaani sauti ya watu wakisomana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mshairi mmoja, hata awe Shaaban Robert, hakuujenga peke yake ushairi wa Mrima.