Ardhi ni ya Mwenyewe, Udongo ni wa Nani?

Ukisafiri kutoka mjini Muyinga kwenda mpaka wa Kobero, tazama migomba. Ile iliyo karibu na nyumba ina mashina manene na majani mapana. Ukiteremka kidogo tu, migomba inaanza kukonda, halafu inakuja mihogo, na mwisho kabisa nyasi za kukauka. Kilima ni kimoja, mvua ni ile ile. Tofauti imeletwa na watu. Maganda, majivu, mabaki ya maharagwe, maji ya kuoshea vyombo na mavi ya mbuzi vimetupwa karibu na mlango miaka na miaka, mpaka udongo ukawa mweusi.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi kambi ya Kinama, hapa Gasorwe, iliyofunguliwa mwaka 2002. Sisi wakimbizi tunaongea sana habari za ardhi: nani aliichukua, nani ataturudishia. Habari za udongo tunaziongea kidogo. Lakini Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili, na yana kazi tofauti. Ardhi hupimwa, hurithiwa na kugombaniwa mahakamani. Udongo hushikwa mkononi. Ardhi mtu huikuta, lakini udongo mzuri mara nyingi kuna mtu aliyeutengeneza.

Watu wa nchi hizi za maziwa walilijua jambo hilo zamani. Wahaya wa Kagera, Tanzania, walitofautisha rweya, yaani mbuga yenye udongo hafifu, na kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Mchana ng'ombe walikula nyasi za rweya, usiku walilala nyumbani, na samadi yao ikabaki kibanjani. Nyasi zilikatwa zikatandikwa sakafuni, zikichakaa zikatupwa chini ya migomba. Kwa hiyo rutuba ilihamishwa kidogo kidogo, kwa miguu ya ng'ombe na kwa vichwa vya akina mama, kutoka mbugani mpaka mlangoni. Mgeni anayesifu kibanja kwamba Mungu amekibariki anasahau migongo iliyobeba.

Kwenye kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria, watu walikuwa wengi na nafasi ndogo. Wakara walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, kwenye shimo, wakawaletea majani, na samadi ikijaa wakaichimba na kuipeleka shambani. Tena walipanda marejea katikati ya uwele, si kwa kula, bali kwa kuyafukia yaoze na kuulisha udongo. Hawakungoja mradi wala semina.

Hapa Burundi neno lenyewe ni ifumbire. Ng'ombe aliyetolewa kwa desturi ya ubugabire alimfunga mpokeaji kwa yule aliyempa, lakini alimletea pia maziwa na samadi. Ndiyo maana sotoka ilipoingia nchi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuangamiza ng'ombe, hasara haikuishia kwenye maziwa na nyama. Zizi likiwa tupu, shamba nalo linaanza kukonda, ila shamba hukonda polepole, na njaa inapofika watu wanakuwa wameshasahau ilianzia wapi.

Wakati wa Wabelgiji ikaja kahawa, iliyosukumwa kwa nguvu tangu miaka ya 1930. Mkulima aliamriwa atandaze majani chini ya mibuni ili kutunza unyevu. Kwa mbuni ni jambo zuri. Lakini majani hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye migomba na kwenye nyasi ambazo zingelisha ng'ombe au kuoza katika shamba la chakula. Mikingamo ya kuzuia mmomonyoko nayo ilichimbwa kwa amri, na uhuru ulipokuja mwaka 1962 wengi waliiacha, kwa sababu mikononi mwao ilikuwa bado na harufu ya kazi ya kulazimishwa. Elimu ilikuwa sahihi, namna ya kuileta ndiyo iliyoiharibu. Ndugu zetu wa mashirika, hapo pana somo kwenu.

Halafu kuna kukimbia. Mwaka 1972 Warundi wengi sana walivuka kwenda Tanzania, na wengi wao wakapelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako walifyeka msitu na kuanza upya. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 wakakimbia wengine, na 2015 wengine tena. Waliporudi kwa makundi, Kobero ilikuwa mmoja wa milango yao. Lori lilibeba magodoro, mabati, kuku na baiskeli. Udongo hauna gunia la kuuvusha.

Na huko nyumbani mtu alikuta nini? Mara nyingi alimkuta mtu mwingine, aliyelima pale miaka thelathini, akazaa na kuzika pale. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, ile watu wanayoiita CNTB. Mwanzoni tume ilipendelea pande mbili zigawane shamba. Kuanzia 2011 hivi ilielekea zaidi kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Kila njia ilikuwa na machozi yake, na sitaki kumhukumu mtu. Nataka kusema neno moja tu: kamba ya kupimia hupima urefu na upana, haipimi kina. Ukigawa shamba nusu kwa nusu, mmoja apewe upande wa nyumba na mwingine upande wa bondeni, kwenye karatasi wamelingana. Kwenye sufuria hawalingani. Na aliyeondoka bila kitu ameacha pale miaka yote ya samadi aliyobeba.

Hilo linatuhusu sisi wa kambini moja kwa moja. Wengi wetu tuna kipande kando ya nyumba, upana wa mikeka miwili. Tulipofika kilikuwa changarawe nyekundu. Mama mmoja jirani yangu leo anavuna lengalenga, vitunguu na maboga pale. Ukimsifia kwamba alipewa mahali pazuri anakujibu: "Sikupewa. Udongo huu niliufanya." Ukichimba kwa kidole unaona ni kweli: juu ni mweusi na laini, chini ya kiganja kimoja unakuta ile changarawe ya zamani.

Namna anavyofanya si siri. Anaanza na ingarani, yaani shimo au lundo la kuozeshea. Tabaka la vitu vikavu: mabua ya mahindi, nyasi, majani ya migomba yaliyokatwa-katwa. Tabaka la vitu vibichi: magugu ambayo hayajatoa mbegu, maganda ya jikoni, majani ya alizeti mwitu, yale yenye maua ya njano kando ya barabara. Kisha samadi ya mbuzi au sungura, na kiganja cha udongo wa zamani. Anarudia mpaka lundo lifike kiunoni, analifunika, na katikati anachomeka fimbo. Baada ya siku chache akiichomoa fimbo na kuishika, iwe ya moto. Ikiwa baridi na kavu, anaongeza maji. Ikinuka uvundo, maji yamezidi, anaongeza vikavu. Ukikamua kiganja chake, litoke tone moja au mawili, basi. Analigeuza kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa miezi mitatu hivi linakuwa mboji yenye harufu ya msituni baada ya mvua.

Majivu yanafaa, maana udongo mwingi wa Burundi una uchachu na majivu huupunguza. Lakini yawe ya kuni, si ya plastiki, tena kidogo, na usiyachanganye na samadi mbichi, nguvu yake itapotea hewani. Samadi mbichi yenyewe usiipeleke kwenye mizizi, itaiunguza. Panda maharagwe kwa zamu. Ukikuta vinundu kwenye mizizi yake na ndani ni vya rangi ya waridi, ujue vinauletea udongo chakula kutoka hewani. Na juu ya kilima, chimba mfereji wa kukinga maji kwanza, sivyo utakuwa unawapikia watu wa bondeni.

Wengine wanauliza: kwa nini nijisumbue na udongo ambao kesho nitauacha? Kesho naweza kwenda Amerika, au kurudi Kongo. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba tumekuwa tukisema "kesho" tangu 2002, na watoto wamekula kila siku katikati. Mboji ya miezi mitatu inalipa msimu huu huu. Inayobaki atakula mwingine, kama Wahaya wanavyokula leo jasho la mababu.

Lakini anayebaki asiachiwe bahati nasibu. Mtu akihama, kamati ya mtaa imuulize kipande chake anamwachia nani, na iandike, kama tunavyoandika mlango na bati. Na mashirika yanayogawa mbegu yaangalie tarehe. Msimu A huanza mvua za Septemba. Mbegu zikija Septemba kwenye changarawe, zitakufa na ripoti itasema wakimbizi hawapendi kulima. Mafunzo ya lundo yaje Juni, kiangazi kikianza, na maji ya kuoshea mboga yatatosha kulilowesha. Mvua ya kwanza ikinyesha, mboji iwe tayari.