Maana na matumizi ya neno ‘matiti’ katika mwendo wa punda na farasi

MWANAFUNZI mmoja wa shule ya msingi huko Utange, eneo la Kisauni, Mombasa, aliandika hivi katika insha yake: “Tulipokwisha kuteremsha mitungi ya maji, punda wa baba alirudi nyumbani akienda matiti.” Insha iliposomwa darasani, wenzake waliangua kicheko. Mwalimu alilipigia neno hilo mstari mwekundu, akaandika pembeni kwamba hiyo ni lugha isiyo ya adabu. Mtoto akakatwa alama.

Baba yake, ambaye huuza maji kwa mkokoteni wa punda, alifika shuleni kuuliza. “Mwalimu, punda wangu akiwa na mzigo hutembea. Akiutua, huenda matiti. Sasa huyu mtoto angesemaje?” Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia kisa hiki, akitaka kujua ni nani kati yao aliyekosea.

Mtoto hakukosea. Neno ‘matiti’ lina maana mbili zisizohusiana. Maana ya kwanza, ambayo kila mtu anaijua, ni wingi wa ‘titi’, yaani ziwa la mwanamke au la mnyama wa kike. Maana ya pili ni mwendo wa punda au farasi ulio wa haraka kuliko kutembea lakini usiofikia mbio. Maana hii imo katika kamusi za Kiswahili, ikiwemo Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981.

Ili kuuelewa mwendo huu, yafaa kuzitazama kwato. Mnyama anapotembea polepole, huinua mguu mmoja baada ya mwingine, na kwato husikika mara nne katika kila mzunguko wa hatua. Akienda matiti, mguu wa mbele wa kulia hutua pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha hutua ile jozi ya pili. Kwa hivyo kwato husikika mara mbili mbili. Baina ya jozi moja na nyingine mnyama huruka kidogo, na ndiyo sababu aliyempanda hurushwarushwa mgongoni.

Zipo istilahi nyingine za mwendo wa wanyama hawa ambazo aghalabu huchanganywa na hii:

Telki: Huu pia ni mwendo wa haraka usiofikia mbio. Husemwa ‘kwenda telki’. Neno hili halina maana nyingine ya kutatiza, hivyo humfaa anayechelea kicheko cha wasikilizaji.

Shoti: Hizi ni mbio zenyewe, mnyama anapotimka kwa nguvu zake zote. Husemwa ‘kwenda shoti’ au ‘kupiga shoti’. Katika mwendo huu kuna nukta ambapo kwato zote nne huwa hewani kwa pamoja. Mpigapicha Eadweard Muybridge alilidhihirisha jambo hilo mwaka 1878 huko California, Marekani, kwa mfululizo wa picha za farasi akikimbia. Neno hili lisichanganywe na ‘shoti’ ya umeme, ambalo limetokana na Kiingereza.

Huenda msomaji akauliza: je, Waswahili walipata wapi msamiati huu ilhali farasi ni wachache katika pwani yetu? Ni kweli kwamba farasi hakustawi sana hapa, sababu mojawapo ikiwa maradhi yanayoenezwa na mbung’o. Punda ndiye aliyebeba mizigo na watu. Mjini Lamu, kwa mfano, punda amekuwa chombo kikuu cha usafiri wa nchi kavu kwa karne nyingi, na hadi leo hushindanishwa mbio wakati wa sherehe za mji huo. Palipo na kazi, huzuka maneno ya kazi hiyo. Anayeishi na punda hawezi kutosheka na ‘kutembea’ na ‘kukimbia’ pekee.

Linganisha hali hii na maneno ya baharini. ‘Mrama’ ni kuyumba kwa chombo majini. Leo hata mtu asiyewahi kupanda mashua husema kwamba mambo yamekwenda mrama. Neno hilo limedumu kwa sababu liliteremka chomboni likaingia katika shughuli za watu wote. ‘Matiti’, ‘telki’ na ‘shoti’ hayakupata bahati hiyo. Yamebaki vinywani mwa wenye punda, nasi tunawakosoa watoto wao wanapoyatamka.

Mintarafu ya sarufi, ‘matiti’ kwa maana ya mwendo halina umoja. Hatusemi ‘mwendo wa titi’. Ili kuepuka utata, litumiwe pamoja na kitenzi ‘kwenda’ au nomino ‘mwendo’. Tazama mifano ifuatayo:

1. Punda alikwenda matiti hadi kisimani.
2. Farasi wa askari walipita kwa mwendo wa matiti.
3. Alipoona mvua inakaribia, alimhimiza punda wake aende telki.
4. Farasi alishtuka akapiga shoti, mpandaji akaanguka.

Si sahihi kusema ‘punda alikimbia matiti’, kwa kuwa kukimbia na kwenda matiti ni miendo miwili tofauti.

Februari 2024, viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika waliidhinisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, baada ya idadi ya wanyama hao kupungua katika nchi kadhaa. Mnyama amepata wa kumtetea. Maneno yanayomhusu hayalindwi kwa marufuku. Hudumu yakitumiwa nyumbani, shuleni na magazetini.

Mwalimu wa lugha anapokutana na neno geni kwake katika daftari la mwanafunzi, yafaa afungue kamusi kwanza kabla ya kuchukua kalamu nyekundu. Huenda mtoto amelitoa neno hilo kwa mzazi anayeijua kazi yake. Yule mtoto wa Utange alijua punda wa baba yake alikwendaje, akalitumia neno lenyewe hasa. Alama aliyokatwa arudishiwe.