Barafu ya Kirinyaga na Ushahidi wa Mawe

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba, aliuona kwa mbali mlima wenye pembe mbili nyeupe. Habari za mlima huo alikwisha simuliwa na Kivoi, mkuu na mfanyi biashara mashuhuri wa Wakamba. Mwaka mmoja nyuma, mwenzake Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro. Lakini huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakupata kuikanyaga bara ya Afrika, alizikanusha habari hizo. Theluji chini ya jua la ikweta ilidhaniwa kuwa muhali. Basi neno la wakazi wa nchi, na la walioona kwa macho, likashindwa na neno la aliyekaa kitini.

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory aliupanda mlima huo, ambao Wagikuyu huuita Kirinyaga, mpaka akaifikia barafu yenyewe. Tena aligundua jambo kubwa kuliko lililokanwa: alama za kwamba barafu ya kale iliteremka chini sana kupita mwisho wa barafu ya siku zile.

Alama hizo zilipatikanaje? Theluji ikirundikana miaka mingi hushindiliwa ikawa barafu, na barafu kwa uzito wake huteremka mtelemkoni polepole. Katika mwendo huo hubeba mawe, na mawe hayo huukwaruza mwamba kama tupa ikwaruzavyo chuma. Bonde lililochimbwa na mto wa maji huwa jembamba chini, mfano wa herufi V. Lililopitiwa na barafu hupanuka, likawa mfano wa U. Ndivyo lilivyo Bonde la Teleki. Barafu ikiyeyuka huacha mzigo wake papo hapo, na mzigo huo huwa matuta ya mawe na udongo. Matuta ya namna hiyo yako hata chini ya mita 3,500, mahali ambapo leo hapana barafu kabisa. Mashimo yaliyochimbwa mwambani nayo yakajaa maji, yakawa maziwa madogo ya mlimani.

Hata vilele vyenyewe vina habari hiyo. Kirinyaga ni volkano iliyozimika zamani, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mwamba ulioganda kooni mwake ulikuwa mgumu. Ule ulaini ulioizunguka uliliwa na mvua na barafu. Kilichosalia ni Batian, wenye mita 5,199, na Nelion iliyo jirani yake.

Mwishoni mwa karne ya 19 mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi imekwisha toweka, na ule wa Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, umekatika vipande. Haiko mbali siku ambapo mtu atatazama vilele hivyo asione weupe wowote, akasema, kama Cooley, kwamba jambo hilo halikuwako. Mabonde na matuta yatamjibu. Lakini mawe hayawezi kusimulia jinsi weupe ule ulivyoonekana kutoka Kitui. Hilo ni la watu, nalo lisipoandikwa mapema hupotea pamoja na waliolijua.